Kiti cha alumini cha mtindo wa ndege kwa hotrodi: nguvu iko kwenye umbo

Kiti cha rubani wa ndege za kivita za Marekani za miaka ya 1940 kilikuwa na beseni la kina kirefu chini. Wanaokiiga kwa ajili ya hotrodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kuongezwa kasi, huiga na hicho kina, gari likikamilika dereva anajikuta yuko shimoni, magoti juu, usukani umemkaa usoni. Beseni lile halikuwa la makalio. Marubani wengi walikalia parashuti lao lililokunjwa kama mto mnene, na beseni ndilo lililolipokea. Wewe huna parashuti. Kina cha sm 8 hadi 10 kinatosha, na mto wa sm 5 juu yake.

Viti hivi viliingia kwenye magari kwa sababu ya bei. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vifaa vya ndege vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya kutupa, na vijana wa kusini mwa California walioshindana kwenye ziwa lililokauka la El Mirage walitaka kila kilicho chepesi. Mmoja wao, Bill Burke, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1946 alilitengeneza gari lenyewe kwa tangi la nje la mafuta la ndege. Siku hizi kiti halisi ni mali ya wakusanyaji, kwa hiyo ni kukata bati.

Kosa la kwanza hufanyika dukani: fundi anaomba alumini ngumu kuliko zote. Anapewa aina ya 6061-T6, anaikunja kwa kona kali, na mgongo wa mkunjo unapasuka. Chukua aina ya 5052-H32 ya unene wa mm 1.6. Kama una nyundo nyingi za kupiga, yaani unataka pembe za mviringo badala ya mikunjo, 3003-H14 ni laini zaidi. Bati moja la mm 1220 kwa 2440 lina uzito wa kilo 13 hivi na hutoa viti viwili ukipanga vipande vizuri. Muuzaji asipojua anachouza, omba kipande cha upana wa vidole viwili, kibane kwenye jiriwa, kikunje nyuzi 90. Kikipasuka, mwachie bati lake. Angalia pia mistari myembamba iliyoachwa na rola za kiwandani: mkunjo uikate hiyo mistari, usiifuate.

Usikate bati kabla ya kumaliza kiti kizima cha mfano cha karatasi ngumu ya boksi na gundi ya karatasi. Anza na upana wa ndani wa sm 42, kalio (sehemu ya kukalia) sm 45 mbele hadi nyuma, mgongo sm 55 uliolala nyuma nyuzi 15 hadi 20 kutoka wima, na mbele ya kalio pawe juu ya nyuma kwa sm 3 au 4 ili mapaja yapate pa kuegemea. Kiweke garini na ukikalie nusu saa, mguu ukifika kwenye klachi na mkono kwenye gia. Kwenye Ford ya 1932 nafasi kati ya milango ni ndogo, na sm 2 za mbavu za kiti ndizo zinazoamua kama mlango utafunga. Boksi hurekebishwa kwa mkasi. Bati halirekebishiki.

Ukihamishia mchoro kwenye bati tumia kalamu ya wino yenye ncha nyembamba. Mkwaruzo wa ncha ya chuma kwenye mstari wa mkunjo ndiko ufa unakoanzia, na unga wa penseli huchochea ulaji wa alumini kukiwa na unyevu.

Kiti kina vipande vitatu: kalio, ukuta mmoja unaozunguka mgongo na mbavu, na sketi ya chini. Kila kinapokutana na kingine acha mdomo wa mm 20 wa kukunja. Pale mikunjo miwili inapokutana toboa kwanza tundu la mm 5 au 6, la sivyo kona itachanika. Kingo zote zipigwe tupa na msasa hadi kidole kipite bila kukwama.

Sasa matundu, ambayo ndiyo sura ya kiti hiki. Tundu tupu hupunguza uzito na nguvu pamoja. Linalorudisha ugumu ni mdomo uliokunjwa kuzunguka tundu, na kwa hilo unahitaji pea ya dai (kalibu za chuma), dume na jike, zinazobanwa kwa presi au kuvutwa kwa bolti katikati. Kata kwa msumeno wa kutobolea matundu, wa mm 50, unaofungwa kwenye drili, lainisha ukingo pande zote mbili, paka nta, kisha bana polepole. Ukiruka huko kulainisha, kila kijino kilichoachwa na msumeno kitafunguka kuwa ufa mdogo wa kuelekea nje, na tundu hilo halina dawa. Kati ya tundu na tundu acha angalau mm 30, na kutoka mstari wa mkunjo vivyo hivyo, maana dai lina upana wake na litagonga mkunjo. Matundu yaliyorundikwa upande mmoja hulifanya bati livimbe na kubonyea kama kifuniko cha kopo.

Mpangilio wa kazi una maana yake. Kalio ni tambarare, kwa hiyo matundu kwanza, mikunjo baadaye. Ukuta ni kinyume: uviringishe kwanza juu ya bomba la sm 10 au 15, kidogo kidogo, ukijua utarudi nyuma kila unapouachia. Ukiutoboa kabla, utapinda penye matundu tu na kubaki umenyooka kwingine, na mgongo utatoka na pembe pembe. Pale penye kona ya mviringo mkali usitoboe kabisa.

Alumini ikikataa kukunjika, ilainishe kwa moto. Tatizo ni kwamba haiwi nyekundu kama chuma, inayeyuka ghafla ukiwa bado unasubiri rangi. Ipake masizi kwa moto wa asetilini tupu, kisha ongeza oksijeni na uyachome masizi kwa kupitisha moto haraka. Yakitoweka, toa moto. Lainisha sehemu unayoikunja tu, kwa sababu ugumu uliouondoa haurudi wote.

Kuunganisha ni kwa ribiti za kupiga za ndege, zenye alama AN470AD5-6: kipenyo mm 4, urefu mm 9.5. Urefu huo si wa kubahatisha. Mabati mawili ni mm 3.2, na ribiti inatakiwa kuchomoza mara moja na nusu ya kipenyo chake, mm 6. Tundu ni biti namba 21, mm 4.04. Weka ribiti mm 10 kutoka ukingoni na mm 25 kati yake. Andaa 150 kwa kila kiti na ziada, maana zitaharibika. Toboa mabati yakiwa pamoja, yashike kwa pini za Cleco, zinazobana mabati kwa muda, yaachanishe uondoe vijino vilivyobaki kati, ndipo upige. Mmoja anashika nyundo ya hewa upande wa kichwa, mwenzake anakinga nyuma kwa chuma kizito kilicholala sawa. Kichwa kipya kiwe na upana wa mm 6 na unene wa mm 2. Kikilala upande mmoja, chuma cha kukingia kiliinama. Itoboe kichwa na uanze upya, usiipige zaidi. Ribiti za kuvuta zenye kijiti cha chuma ziache kwa mabati ya paa.

Ukingo wa juu usibaki mkali. Pinda bomba laini la alumini la mm 12, la njia ya mafuta, likiwa limejaa mchanga mkavu, kisha lichane urefu wote na ulivishe, kama mdomo wa ndoo. Ukilichana kabla ya kupinda litafunguka.

Kiti hiki hakibebi mkanda. Mkanda wa kiunoni na wa mabegani ufungwe kwenye fremu ya gari, hata kama unapita kwenye tundu la mgongo, na tundu hilo liwe na mdomo laini usioukata. Mgongo wa sm 55 haukingi shingo, kwa hiyo gari la barabarani liongezewe egemeo la kichwa lililoshikwa na fremu. Chini, kiti kikae juu ya reli mbili za chuma kwa bolti nne za mm 8 za daraja 8.8, na bamba la chuma la mm 3 chini ya sakafu kila penye bolti. Kati ya reli na alumini weka rangi ya kinga na kipande cha plastiki ngumu. Chuma na alumini zikigusana penye maji, inayoliwa ni alumini, na unga mweupe utauona kwanza chini ya washa za bolti.