Nilivyoshiriki mbio za ramani na dira Mabira nikiwa nimeteguka kifundo cha mguu

Katika mbio za timu za ramani na dira, ambapo timu hutafuta vituo vilivyochorwa kwenye ramani na kukusanya pointi ndani ya muda uliowekwa, kanuni moja ndiyo iliyonihangaisha kuliko zote: wanatimu hawaruhusiwi kuachana, na pointi za kituo huhesabiwa pale tu wote wanapofika. Mwenye mguu mgonjwa, basi, ndiye anayepanga mwendo wa timu nzima. Nilipoteguka kifundo cha kulia wiki chache kabla ya mbio zetu katika Msitu wa Mabira, ulioko kati ya Kampala na Jinja, niliwaeleza wenzangu wawili hali yangu yote, ili mipango yetu ifuate uwezo wa mguu ule na si matamanio yetu.

Daktari alikwisha kuthibitisha kwamba mfupa ni mzima, na kwamba kilichoumia ni kano za upande wa nje, zile zinazovutika unyayo unapopinduka kuelekea ndani. Nilijiwekea mtihani wa kusimama kwa mguu ule peke yake huku nimefumba macho, kisha kurukaruka juu yake. Kusimama niliweza, kuruka kulikuwa bado kunauma kidogo. Tukakubaliana kwamba nitakimbia penye njia safi tu, kwingine nitatembea kwa kasi, na nikisema basi, hakuna atakayenibembeleza. Dawa za maumivu sikumeza kabla ya kuanza, kwa kuwa maumivu ndiyo yangenijulisha wakati wa kusimama.

Asubuhi ile nilijifunga plasta ya michezo nikiwa nimeukunja mguu pembe mraba. Nilianzia upande wa ndani juu ya kifundo, nikaipitisha chini ya kisigino, nikaivuta kwa nguvu kupanda upande wa nje, nikarudia hivyo huku kila ukanda ukilalia nusu ya uliotangulia. Mwisho nilibonyeza ukucha wa kidole gumba na kuuachia, nikaona wekundu unarudi mara moja, nikajua damu inapita.

Ramani tuliyopewa ilikuwa ya skeli ya 1:15,000, yaani sentimita 1 ni mita 150 ardhini. Wakimbiaji wa mchezo huu huhesabu kila mita 1 ya kupanda kuwa sawa na takriban mita 10 za tambarare, lakini kwangu adui alikuwa mteremko, hasa ule wenye mizizi iliyofunikwa na majani. Kwa hiyo niliisoma mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko ya ardhi, kwa kutafuta mahali pa kushukia taratibu. Nahodha wetu, askari mstaafu, aliweka kidole kwenye mstari ulionyooka unaokata bonde lenye kinamasi.

"Afande, tukishukia hapo mguu wangu hautafika kituo cha pili," nilimwambia. "Tuzunguke na hii barabara ya msituni."

Akaitazama ramani kwa muda, kisha akasema, "Haya, ongoza wewe. Mimi nitahesabu hatua."

Uamuzi huo ndio ulioziokoa mbio zetu. Hatua zangu zilikuwa zimefupika kwa sababu ya maumivu, hivyo hesabu yangu ya umbali isingeaminika, lakini macho na akili vilikuwa vizima. Nikashika ramani na dira, Afande akahesabu, na dada yetu mdogo akatangulia hatua kadhaa akitutahadharisha kuhusu mashimo na magogo. (Dira yangu imesawazishwa kwa ukanda wetu; zile za Ulaya sindano zake huinama na kukwaruza huku kwenye ikweta.) Tulipita msitu ulioachwa mweupe kwenye ramani, ambako miti imeachana, tukakwepa kijani kibichi kilichokolea, maana huko vichaka havikuruhusu kuona unapokanyaga. Penye mteremko usioepukika nilishuka kwa kupindapinda.

Karibu na mwisho kifundo kilianza kuuma hata penye tambarare. Vilikuwa vimebaki vituo viwili vya mbali vyenye pointi nyingi, nami nikaomba tuviache, kwani kila dakika ya kuchelewa hukatwa pointi. Wenzangu walikubali bila kunung'unika, tukarudi ndani ya muda na kushika nafasi ya katikati.

Pale Najjembe, kwenye soko la kando ya barabara kuu, wauza kuku na gonja (ndizi za kuchoma) walituuzia chupa za maji baridi sana, nikazizungushia kifundo huku mguu umeinuliwa juu ya begi. Wenzangu wameshaamua kwamba mbio zijazo nitashika ramani hata nikiwa nimepona, nami naendelea na zoezi la kusimama kwa mguu mmoja kila asubuhi.