Kabla hujatuma hela ya arowana, jua kwanza unanunua samaki gani

Wadau wa samaki wa mapambo, swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile, kaka nataka arowana mwekundu, nataka zebra pleko, kibali cha kumwingiza nchini naanzia wapi? Jibu langu ni moja, kibali kinaanza na jina. Sio jina la dukani, jina la kisayansi. Anayekuandikia kibali anataka kujua ni spishi gani, wangapi, wanatoka nchi gani, wamefugwa au wamevuliwa, sasa wewe ukiandika "samaki wa urembo mchanganyiko" unataka akuruhusu kitu gani? Na mzigo ukifika pale uwanja wa Nyerere, makaratasi yanasema hivi na kwenye mfuko anaogelea mwingine, hapo umekwama na samaki wanaendelea kuchoka.

Tuanze na arowana maana ndio kila mtu anamtaka. Yule wa Asia, Scleropages formosus, yupo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1975, yaani aliyevuliwa porini habiashariwi kabisa. Ila Singapore, Malaysia na Indonesia kuna mashamba yaliyosajiliwa na CITES, na samaki wa mashamba hayo wanauzwa kihalali, kila mmoja ana chipu ndogo kama punje ya mchele imechomwa mwilini na cheti chenye namba ile ile. Mwambie muuzaji apitishe skana kwenye samaki ukiwa unaangalia kwenye video, usome namba mwenyewe, ulinganishe na cheti, tarakimu kwa tarakimu. Halafu kwenye kibali cha CITES kuna sehemu ya chanzo inaandikwa herufi moja tu, watu wengi wanaipita wakati ndio yenye maana kuliko zote: D ni wa shamba lililosajiliwa kwa spishi za Kiambatisho cha Kwanza, C amezaliwa kwenye kufugwa, W ametoka porini. Arowana wa Asia wa biashara akija na W, achana naye.

Na sio kila anayeitwa arowana ni huyo. Silva arowana wa Amazon, Osteoglossum bicirrhosum, pezi lake la mgongoni ni refu linakwenda mpaka karibu na mkia, wa Asia pezi lake ni fupi na limekaa nyuma kabisa, hiyo hata kwenye picha mbaya unaiona. Anayewachanganya watu ni jardini, Scleropages jardinii, wa Australia na New Guinea, umbo ni la ndugu yake wa Asia kabisa, ila magamba yake ni madogo na mengi zaidi na yana alama nyekundu zilizopinda pembeni. Huyu CITES haimhusu, bei yake ni ya chini sana, na akiwa mdogo mtu anaweza akakuuzia kwa jina la "mwekundu" ukalipa hela ya gari. Omba picha ya ubavu, mwanga wa kawaida, hesabu magamba.

Zebra pleko ndio ananiuma zaidi. Hypancistrus zebra, yule samaki mdogo wa mistari myeusi na myeupe, wafugaji wanamwita L46, duniani kote kwao ni sehemu moja tu ya mto Xingu kule Brazil, na hapo hapo likajengwa bwawa la Belo Monte. Kwenye mkutano wa CITES wa Panama 2022 akawekwa Kiambatisho cha Pili, yaani biashara yake ni kwa kibali, na kiwango cha wa porini kwa biashara ni sifuri. Kwahiyo unayeruhusiwa kumnunua ni aliyezalishwa kwenye matanki, na wapo wengi wazuri. Mstari wake mweusi unakwenda kwa urefu wa mwili, haukati kwa upana, na rangi iliyo kati ya mistari ni nyeupe safi, ukiona ya njano njano au madoa yamekatika katika uliza vizuri.

Huku nyumbani Tanzania, Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 ndio msingi, kibali cha kuingiza samaki hai kinatoka kwa wenzetu wa uvuvi, samaki akiwa wa CITES unawahusisha na watu wa wanyamapori, na nchi anakotoka lazima itoe cheti cha afya. Watu wanalalamika eti usumbufu, mimi siwaungi mkono hata kidogo, sisi ndio tuna Ziwa Victoria, sangara aliingizwa miaka ya 1950 na furu wetu wa aina nyingi sana wakapotea moja kwa moja. Samaki mgeni akitoroka hafuatwi na karatasi.

Kibali kipatikane kwanza ndio hela itumwe, usifanye kinyume. Nakala zote wakala wako wa forodha awe nazo kabla ndege haijaruka, na usikubali mzigo unaotua Ijumaa usiku.

Mfuko ukishafika nyumbani usiufungue haraka ukaanza kudondosha maji taratibu kwa saa nzima. Humo ndani samaki amepumua safari nzima, kaboni dioksaidi imeshusha pH, yaani maji yamekuwa na asidi zaidi, na pH ikiwa chini amonia, ile taka anayoitoa samaki mwenyewe, haina makali. Ukifungua tu gesi inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu samaki akiwa bado humo humo. Uelee umefungwa mpaka joto lilingane, kisha fungua, mtoe samaki kwa wavu, aende kwenye tanki la peke yake kama mwezi hivi, maji ya mfuko yasiingie kwenye tanki wala mtaroni, yatie klorini kwanza. Na vyeti vyote vitunze kwenye faili, siku ukitaka kuuza watoto wake mnunuzi makini atavitaka.