Kabla hujaniuliza zaka yako shilingi ngapi, una shilingi ngapi?

Mwezi wa Shaaban ukiingia tu simu yangu inaanza, dada naomba unisaidie zaka yangu mwaka huu inakuwa shilingi ngapi, na mie sio ustadhati jamani, ni mhasibu tu wa hapa hapa Dar na nimesoma madrasa kama watu wengine. Sasa nikimrudishia swali, haya wewe una shilingi ngapi? Kimya. Halafu anacheka. Anaujua mshahara wake mpaka senti ya mwisho na anajua anadaiwa na nani, ila jumla ya alichonacho hajawahi kukaa chini akakijumlisha, maana kiko kila mahali, kidogo kwenye simu, kidogo benki, kingine kikoba cha ofisini, kingine mchezo wa kina mama wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, kuna dhahabu ya harusi, kuna kiwanja Kigamboni, kuna na milioni ya shemeji aliyosema anarudisha mwezi ujao tangu mwaka juzi.

Na huyo huyo ndo atakwambia yeye hana tabia ya kuweka akiba. Anayo bwana, haijui tu! Na leo nataka tuongee akiba hiyo kupitia zaka.

Kuna la kuondoa njiani kwanza maana linachanganya wengi. Zakatul fitri sio zaka ya mali. Ile ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, mpaka kichanga kinatolewa, na inatakiwa itoke kabla ya sala ya Idi. Mtu anatoa mchele wake pale anajipangusa mikono anaona kamaliza, kumbe zaka ya mali hata hajaigusa.

Zaka ya mali ina masharti mawili makubwa, kiwango na muda. Kiwango ndo nisabu, yaani kima cha chini cha mali kinachokulazimu kutoa zaka, dinari 20 za dhahabu za enzi zile, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazipiga gramu 85, au dirhamu 200 za fedha, hapa namaanisha madini ya silva sio hela, ambazo ni gramu 595. Enzi hizo vilikuwa vinakaribiana thamani, leo vimeachana mbali sana, dhahabu ya gramu 85 ni mamilioni mengi ya Kitanzania wakati fedha ni sehemu ndogo tu ya hapo, ndo maana utasikia huyu sheikh anasema tumia dhahabu na yule anasema tumia fedha kwasababu inamnufaisha masikini zaidi. Muulize sheikh wako ushike moja usihamehame kila mwaka kwa kufata iliyo nafuu kwako. Muda ni mwaka mzima wa Kiislamu, siku 354 hivi, sio wa Januari mpaka Disemba. Ikitimia unatoa asilimia 2.5, kwenye milioni 20 ni laki tano.

Hapo kwenye laki tano ndo watu wanashtuka, ila ngoja kwanza, kazi kubwa ni kujua ile milioni 20 imepatikanaje.

Nyumba unayoishi haihesabiwi, gari unalotembelea halihesabiwi, friji na makochi hamna. Hela taslimu yote inahesabiwa, ya benki na ya kwenye simu na ya kwenye kibubu. Mzigo wa dukani unahesabiwa kwa bei ya kuuzia ya siku ile, na sio shelfu wala mizani, bidhaa tu. Kiwanja inategemea ulinunua kwa nia gani, kama ni cha kujenga ukae na wanao hakina zaka, kama ulinunua ukasema ntakiuza kikipanda bei hiyo ni bidhaa ndugu yangu hata kama imeota majani, na hapa ndo nnapowashika wengi maana Dar nzima watu wameweka hela ardhini wakisubiri lami ifike. Dhahabu ya mwanamke anayoivaa kwa kawaida, sie wa madhehebu ya Shafi huku pwani tumesoma kwamba haina zaka, wa madhehebu ya Hanafi wanasema inayo. Ila ile ya kufungiwa sandukuni miaka na miaka kama hazina, ambayo hata harusini haitoki, hiyo usijifiche nyuma ya madhehebu.

Mchezo nao una hesabu yake. Kama mko kumi na kila mtu anatoa laki kwa mwezi, wewe ni wa mwisho kupokea na mmefika mwezi wa saba, basi una laki saba mikononi mwa wenzio, ni deni unalodai na linaingia kwenye mali yako kama wenzio ni watu wa kulipa. Aliyepokea wa kwanza yeye ana deni, sio utajiri, hata kama kanunua tivii ya inchi 55. Deni la shemeji sasa... masheikh wengi wanasema deni ambalo huna tamaa ya kulipwa usilihesabu mpaka likija mkononi. Mie shemeji nimemuweka kwenye kundi hilo kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa kwanini naling'ang'ania hili wakati mada ni akiba? Kwasababu nimeona watu wanaosoma vitabu vya pesa na kununua madaftari ya bajeti na kupakua programu kwenye simu na bado hawaendi popote, halafu nnamwona mama muuza vitenge ambaye hajui hata bajeti ni nini ila kila tarehe mosi Ramadhani anafunga duka mapema anahesabu vitu vyake vyote kwasababu anamuogopa Mungu, na yule mama kila mwaka anajua kapanda au kashuka, anajua mzigo gani umelala, anajua nani hajamlipa. Zaka inamfanyia ukaguzi wa hesabu bure.

Halafu kuna jambo lingine ndani yake. Tuseme una milioni 30 umeziweka tu mahali, huzizungushi, na kila mwaka unatoa asilimia mbili na nusu kutoka humo humo. Baada ya miaka kumi zimebaki milioni 23 na laki tatu hivi, hapo bado bei za vitu hazijapanda. Imepokewa kwa Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kwamba aliwaambia watu wafanye biashara na mali za mayatima zisije zikaliwa na zaka. Yaani hela iliyolala inapungua kwa makusudi, mfumo wenyewe unakusukuma uitoe ifanye kazi, ununue mzigo, uingie ubia na mtu mwenye akili, umpe fundi mtaji mgawane faida. Kwahiyo ukisikia mtu anasema Uislamu haupendi akiba hajaelewa. Swahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka, Mtume (s.a.w.) alimzuia mpaka wakafika theluthi, na akamwambia hiyo theluthi nayo ni nyingi, kwamba kuwaacha warithi wako wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Na akiba yenye nia inakaa kuliko akiba ya hivi hivi, angalieni Malaysia. Zamani waliokuwa wanataka kuhiji walikuwa wanaficha hela majumbani kwao, wengine wanauza mashamba na mifugo wakirudi hawana kitu, mpaka mchumi wao Ungku Aziz mwaka 1959 akapendekeza uwepo mfuko wa akiba ya Hijja usio na riba, ukaanza 1963, na leo ndo Tabung Haji. Mtu anaweka kidogo kidogo na hela yake inawekezwa kwa halali. Huku kwetu tumepata Amana Bank mwaka 2011 na mabenki mengine yana madirisha yao ya Kiislamu, ila bado nnaona watu wanauza shamba la minazi ili mzee aende Makka, na watoto wanabaki wanaangaliana.

La mwisho na ndo linaloniuma. Hela ishahesabiwa, inaenda wapi? Ijumaa za Ramadhani pita Kariakoo utaona foleni za akina mama na wazee mbele ya maduka wakisubiri buku, yaani elfu moja, au buku mbili, na tajiri anasimama pale anagawa anaona katoa zaka. Sikatai, wenye haki wametajwa sura ya Tawba, mafakiri na masikini wapo, lakini na wenye madeni wametajwa pale pale, na wewe mtaani kwako kuna mtu ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, wanamfata mpaka mlangoni kuchukua kitanda. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafi huyu huyu tunayemsoma, anasema mwenye ufundi anapewa kinachotosha kununua vifaa vya kazi yake. Vifaa! Sio buku. Laki tano yako ukiigawa kwa watu mia tano mwakani wote mia tano wamerudi kwenye foleni.

Nyumbani tumekubaliana, mie na dada zangu na mjomba, mwaka huu zaka zetu zinaenda pamoja kwa mtu mmoja, kuna dada anashona kwa kuazima cherehani ya jirani usiku. Tunataka tumpe yake na overloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, iwe mali yake moja kwa moja sio ya kukopeshwa. Cherehani nimeshaipata, bado overloki, kama kuna mtu anajua fundi mwaminifu anayeuza za mtumba hapo Kariakoo anitumie namba kabla Shaaban haijaisha.