Nilivyoacha slaidi nikawapeleka wanafunzi Kibuye

Kwa miaka kadhaa nilifundisha afya kazini darasani. Wanafunzi wa udaktari walinakili asbesto, risasi na vumbi la silika, wakafaulu mtihani, kisha wakaenda wodini na kuandika kwenye faili: "Kazi: jua kali." Basi. Neno hilo, tunaloitia kazi yoyote ndogo isiyo rasmi, huweza kuwa fundi wa masanduku anayegonga bati kutwa hadi masikio yakaziba. Huweza pia kuwa mama wa mtaa wa Obunga anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, katikati ya moshi. Liliniuma, maana wagonjwa hao ni majirani zetu hapa Kisumu.

Muhula mmoja niliwaomba ruhusa mafundi wa soko la Kibuye, nikapeleka darasa zima. Wanafunzi wawili kwa fundi mmoja, asubuhi nzima, bila koti jeupe wala picha.

Wawili waliketi na fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa akiunga mabomba yaliyopakwa zinki, moshi mweupe ukimpanda usoni, pakiti ya maziwa kando ya mguu.

"Fundi, maziwa ya nini?"

"Ya kuosha kifua. Huu moshi ukinishika, jioni natetemeka kama mtu wa malaria."

Mmoja wa wanafunzi hao, msichana, akafikiri kidogo. "Moshi hukushika sana siku gani?"

"Jumatatu, daktari. Jumapili sichomi."

Swali hilo sikuwa nimemfundisha, na nilifurahi mno. Homa ya moshi wa zinki huanza saa chache baada ya kuuvuta, huisha kwa siku moja au mbili, na huwa kali baada ya mapumziko kwa kuwa mwili umepoteza mazoea. Maziwa hayaizuii. Fundi alikuwa akimeza dawa za malaria bila kupimwa, akipata nafuu kesho yake na kuzishukuru. Tulimshauri akwangue zinki mahali pa kuunga huku amefunika pua kwa barakoa ya vumbi, achomee nje ya banda, na asimame upepo ukimpeperushia moshi mbali. Siku hiyohiyo akahamisha meza.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliwahimiza madaktari wamuulize mgonjwa kazi yake tangu mwaka 1700. Kwangu sasa ni sheria: "jua kali" haikubaliki kwenye faili. Niambie mikono yake inafanya nini, anavuta hewa gani, na akipumzika hujisikiaje.

Majuzi mwanafunzi mmoja alisimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa pumu, akaanza: "Hunyunyizia magari rangi katika chumba kisicho na dirisha. Wikendi kifua hufunguka."