Kemotherapi ya baba mdogo
Baba mdogo ana saratani ya uume, na ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina, kwa sababu wanaume wengi wa huku kwetu Kisumu huficha kidonda cha uume mpaka tezi za kinena zivimbe, na hapo saratani huwa imeshasambaa. Wapo waliosema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Mimi naamini ni aibu tu iliyomchelewesha. Madaktari wameanza na kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani, kabla ya upasuaji, ili uvimbe wa kinenani unywee kwanza na uweze kuondolewa wote. Anapewa dawa tatu kwa pamoja: paklitakseli, ifosfamaidi na sisplatini. Sisplatini huweza kuumiza figo, kwa hiyo chupa za maji ya chumvi hutangulia kuingia mshipani, nami hupima na kuandika mkojo wote anaoutoa. Ifosfamaidi nayo huweza kuchubua kibofu, ndiyo maana huongezewa mesna ya kukikinga. Samaki hataki hata kumnusa, ila uji mwepesi wa wimbi unapita. Homa ikifika nyuzi 38 tunakwenda hospitali usiku huohuo, maana dawa hizi hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Jumatatu atapigwa picha ya CT, kisha daktari wa upasuaji ataamua.