Nahodha wa kukuongoza baharini: mimi nasema mlipe

Miaka yote nimevua bwawa la Nyumba ya Mungu. Perege na kambale nawajua vizuri. Nilipopanga kwenda kuvua baharini Pangani, jirani yangu hapa Majengo, Moshi, akaniambia nisitupe hela kwa mtu wa kuniongoza. "Maji ni maji. Tena hayo ya Pangani si yanatoka hukuhuku kwetu?" Ni kweli mto ni uleule, unapita kwenye bwawa letu na kwenda kumwaga Pangani. Lakini ushauri ule ulinitia hasara, na unanikera mpaka leo kwa sababu bado nausikia kwa watu.

Safari ya kwanza ilikuwa Julai, kusi linavuma. Nilichukua kijana mwenye ngalawa, elfu ishirini na kitu. Mtu mwema, kasia analijua, ila kazi yake ni kuvusha watu na mizigo. Nikamuuliza samaki wako wapi. "Kote tu, kaka." Tukatoka alfajiri. Usiku wake mwezi ulikuwa mpevu na niliufurahia sana pale ufukweni. Sikujua kwamba mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana, yanakupwa sana, tofauti inapita mita tatu, na mkondo unakimbia. Nikishusha mshipi, chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, haligusi chini, linachukuliwa upande mpaka uzi unalala juu ya maji. Nikaongeza la pili. Hilo likafika chini, likanasa kwenye matumbawe, nikalazimika kukata. Mara nne hivyohivyo. Baadaye ukaja mvuto wa kweli, wa kuutia mkono uchungu, na uzi ukakatika kama umepitishwa wembe. Nyuzi zangu zilikuwa za perege. Kufika saa tatu na kitu maji yametukimbia, ngalawa imekaa juu ya mchanga, tukabaki juani mpaka karibu saa sita yaliporudi. Nilichopata ni tasi wawili wa kiganja. Ukijumlisha nauli, gesti na vifaa vilivyobaki kwenye mwamba, karibu laki mbili ilikwenda.

Niliporudi Februari nilikuwa na swali moja la kumpima kila aliyesema anaongoza wavuvi: keshokutwa maji yanajaa saa ngapi? Wa kwanza alikuwa na maneno matamu na picha za samaki kwenye simu. Akajibu, "Muda wowote bosi, wewe njoo tu." Huyo ni dalali. Anachukua hela yako halafu anakukabidhi kwa vijana asiowajua vizuri yeye mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu kando nilimwamkia, nikamuuliza hilohilo. Hakuinua kichwa. "Mwezi leo ni saba. Keshokutwa tisa, maji mafu. Yatajaa kuelekea saa sita. Tutoke kabla ya jua, mwanangu." Alikuwa anahesabu siku za mwezi wa angani; maji mafu ni siku ambazo kujaa na kupwa havipishani sana na mkondo unapoa. Nikamlipa kianzio palepale. Bei yake laki na nusu hivi, mashine na mafuta ndani yake.

Baharini alisimama nyuma ya mashua akitazama nchi kavu. Kulikuwa na mnazi uliopinda, unasogea taratibu kulielekea paa la bati. Upande mwingine, mnara wa simu unakisogelea kilima. Mnazi ulipolala sawasawa na paa, na mnara ukasimama mbele ya kilima, akasema, "Tia nanga." Chini yetu palikuwa na ukingo wa mwamba. Mkondo ulikuwa mpole, chubwi moja tu likafika chini na kukaa. Ningezunguka pale mwezi mzima nisingepaona, na hapo ndipo hela yangu ilipokwenda. Mashua hata mimi ningekodi.

Chambo kilikuwa ngisi. Kila kipande alikichoma mara mbili ili samaki aitwaye changu asikinyonye na kuondoka. Mshipi wa nguru akaufunga waya mfupi juu ya ndoana, kwa sababu ya meno yake, nami nikakumbuka ule uzi wangu wa Julai. Akaniwekea mshipi juu ya kidole cha shahada. "Akigusa mara ya kwanza, mwache, anaonja." Mara ya pili nikavuta, na changu wa kwanza akapanda mwekundu, anapigapiga mbao za mashua. Nilipiga kelele kama mtoto na sioni haya kusema.

Tulipata changu kumi na mmoja, chewa mmoja, na kolekole wa kilo nne hivi. Nguru hakuja, na mzee hakuniahidi nguru. Nilimwongeza elfu ishirini anifundishe fundo lake la waya. Fanyeni hivyo, muombe kufundishwa, msikae tu kama abiria.

Jambo jingine: yule kijana wa Julai alikuwa ametaka twende kuvua Maziwe, lile fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa. Mzee alinionyesha kwa mbali, akasema huko hatushushi ndoana, ni hifadhi ya bahari. Tungekwenda siku ile ningeweza kukamatwa bila kujua kosa langu.

Siku hizi kabla ya kuomba likizo kazini nampigia kwanza. Juzi nilimwambia nina nafasi wikiendi hii. Akauliza mwezi ngapi, akahesabu mwenyewe, akaniambia, "Kaa Moshi kwanza. Njoo mwezi ukifika ishirini na tatu, maji mafu."