Nilivyoipatanisha bunduki yangu ya mitutu miwili bila kugusa lehemu

Naanza na ushauri niliopewa, maana bado unanikera. Bunduki yangu ya mitutu miwili, kipimo cha .470 Nitro Express, ilikuwa inatawanya. Mtutu wa kulia unapiga kulia, wa kushoto unapiga kushoto, na kwenye mita 50 matundu yameachana kiganja kizima. Karibu kila niliyemuuliza alisema lehemu inayounganisha mitutu imechoka, iyeyushwe, na ile kabari iliyo kati ya midomo ya mitutu isogezwe. Fundi mmoja alitaka kuwasha moto siku hiyohiyo. Nilichukua bunduki yangu nikaondoka, na mpaka leo najipongeza.

Mitutu ya bunduki hizi haiendi sambamba, hukaribiana kuelekea mdomoni. Anayeliona hilo kwa mara ya kwanza hudhani risasi zitakutana mahali halafu zipishane. Lakini mtutu wa kulia umekaa kulia kwa kitovu cha uzito wa bunduki, kwa hiyo ukifyatuliwa, teke lake huizungusha bunduki juu na kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto hufanya hivyohivyo upande wake. Mwinamo ule umewekwa makusudi kufidia mzunguko huo. Risasi ikiwa ya polepole kuliko ile aliyoitumia fundi aliyeitengeneza bunduki, inakawia ndani, mtutu unapata muda wa kusogea zaidi, na matundu yanaachana. Ikikimbia kupita kiasi inawahi kutoka, na ya mtutu wa kulia inaangukia kushoto. Karatasi yangu ya shabaha ilikuwa inasema wazi kwamba risasi zangu ni za polepole, lakini hakuna aliyejali kuisoma.

Mzigo sahihi wa baruti na risasi ulikuwa umechongwa kwenye bunduki yenyewe. Chomoa mitutu, igeuze, futa mafuta kwenye ule ubapa unaokaa juu ya mtambo, kisha lete tochi kwa ubavu ili herufi zitupe kivuli. Yangu imeandikwa Cordite 75-500, yaani grani 75 za baruti ya Cordite nyuma ya risasi ya grani 500, kama gramu 32 hivi. Mzigo huo ulikusudiwa kuipeleka risasi kwa kasi ya karibu futi 2,150 kwa sekunde, sawa na mita 655. Nikaazima kipima kasi. Risasi za dukani nilizokuwa nazo hazikufika hapo hata kwa kukaribia.

Basi nikaanza kujaza maganda yangu mwenyewe. Kiasi cha baruti sikitaji, kwa sababu kila baruti ina jedwali lake na juu ya kikomo chake hakuendwi, hasa kwa mitutu ya umri huu. Nilianzia chini ya jedwali nikapanda kidogokidogo, kila kiwango kikiwa na maganda yake yaliyoandikwa kwa kalamu.

Hapo akaja mshauri mwingine, safari hii uwanjani. Akasisitiza bunduki ilazwe juu ya mifuko ya mchanga, ikae kimya kama jiwe, ati ndipo majibu yawe ya kuaminika. Nikaijaribu njia yake kwa uangalifu wote. Matundu yalipanda juu, yakaachana kuliko mwanzo, na kiwango kilekile kikawa kinatoa sura tofauti kila mara. Kwa nini? Mfuko mgumu unaisukuma bunduki iruke, na mzunguko wote niliokwisha kuueleza unaharibika, wakati mitutu ilipatanishwa ikiwa mikononi mwa mtu. Nikaondoa mifuko chini ya mbao ya bunduki, nikaishika kwa kiganja cha kushoto, mkono wenyewe nikauegemeza kwenye mifuko, na kifua nikakiinua karibu na kusimama ili bega lipokee teke kama porini. Mara moja karatasi ikatulia.

Utaratibu wangu ulikuwa huu: jaza mitutu yote miwili, piga kulia, kisha kushoto baada ya pumzi chache, fungua, subiri. Kusubiri ndiko watu hawakuwezi. Mitutu iliyounganishwa kwa lehemu ikipata moto husukumana, kwa hiyo sikupiga tena mpaka niishike bila kuhisi joto. Baada ya kila jozi nilikwenda kwenye karatasi nikazungushia duara tundu la kulia na mraba tundu la kushoto. Bila alama hizo huwezi kujua kama matundu yanakaribiana au yamekwisha kuvukana.

Kadiri kasi ilivyopanda, maduara na miraba vilisogeleana mbele ya macho yangu. Nilisimama pale duara lilipokaa kulia kwa mraba kwa nafasi ile ile iliyopo kati ya vitovu vya midomo ya mitutu. Kipima kasi kilionyesha karibu kabisa na zile mita 655. Yuko aliyenihimiza nipande kidogo tena ili yaingie tundu moja. Nikakataa. Yakikutana kwenye mita 50, mbele ya hapo yanavukana, na mimi nataka mitutu iende pamoja hadi mita 100.

Gharama? Maganda, fataki za kuwashia baruti na vichwa vya risasi vilinitafuna mfukoni, lakini si kama kufungua lehemu na kuiweka upya. Darubini pia nimeikataa. Uzito wake juu ya mitutu hubadilisha jinsi bunduki inavyoruka, na kazi yote ingeanza upya.

Lilibaki jua. Cordite inajulikana kwa kupandisha nguvu kwenye joto, na hata baruti za leo hazikosi kabisa tabia hiyo. Nikarudi uwanjani mchana wa jua kali, risasi zikiwa zimeshinda nje ya kivuli. Zilipata kasi kidogo, na matundu yakasogeleana kwa upana wa kidole. Duara bado liko kulia.